Mhubiri wa Volti Milioni Moja



Kamati ya yubile ilipogawa kurasa za kijitabu hiki, kwaya ilipewa nafasi ya kuandika historia. Historia yetu wenyewe ya miaka 25, tangu Jumapili ile waimbaji kumi na wanne waliposimama mbele ya kanisa la mabati bila kinanda wala sare, mtaipata katika ukurasa wa viongozi pamoja na picha zake. Hapa tumeomba ruhusa ya kusimulia maisha ya mtu mwingine. Hakuimba nasi, hakufika kwetu, na mpaka mwaka uliopita wengi wetu hatukuwa tumewahi kulisikia jina lake. Lakini yeye ndiye aliyetusaidia kumaliza ugomvi uliokaribia kuivunja kwaya hii kabla haijafikisha yubile. Jina lake ni Irwin Moon, mhubiri wa Injili kutoka Marekani, aliyezaliwa mwaka 1907 na kufariki mwaka 1986. Kazi yake ilikuwa kuhubiri kwa kutumia umeme, kamera na madoido ya filamu.

Ugomvi wetu

Wengi wenu mnajua kwamba tulirekodi video ya nyimbo sita kwa ajili ya sherehe hii. Tulikwenda studio mjini, tukapangwa mbele ya kitambaa kikubwa cha kijani, tukaimba kutwa nzima. Video iliporudi, tulijiona tumesimama juu ya mawingu, na nyuma yetu maporomoko ya maji ambayo hakuna aliyewahi kuyaona. Mama mmoja wa sauti ya alto aliuliza, "Haya maji ni ya mto gani?" Tukacheka mpaka machozi.

Katika wimbo wa nne hatukucheka. Mtayarishaji alikuwa amependekeza kijana wetu mmoja wa tena aketi kwenye kiti cha magurudumu katika ubeti wa kwanza, kisha ainuke na kutembea tutakapofika kwenye kiitikio. Kijana mwenyewe ni mzima kabisa, hata mpira anacheza. Baadhi yetu walisema huo ni mchezo wa kuigiza tu, kama tunavyoigiza kuzaliwa kwa Yesu kila Krismasi. Wengine walisema kwamba anayeigiza Yusufu hadanganyi mtu, kwa kuwa kila mtu anajua ni maigizo. Bali mgonjwa atakayeona video hii kwenye simu yake ataamini kwamba kijana huyu aliponywa kweli. Mikutano mitatu ilimalizika bila uamuzi. Waimbaji wawili wakaacha kuja mazoezini.

Ndipo mzee wetu mmoja wa besi, mwalimu mstaafu, alipoomba kusema. Alikumbuka jioni moja akiwa mwanafunzi wa bweni. Wamishonari walikuja na jenereta, wakatundika shuka jeupe ukutani, wakaonyesha filamu. Katika filamu hiyo ua lilifunguka mbele ya macho yao, jani kwa jani, kama mkono wa mtoto anayeamka. Wavulana wa nyuma walipiga kelele wakisema ni uchawi. "Haukuwa uchawi," mzee alituambia, "na haukuwa uongo. Lile lilikuwa ua la kweli. Nendeni mkasome habari za aliyelipiga picha, kisha mrudi tuzungumze."

Tulikwenda, tukasoma. Haya ndiyo tuliyoyapata.

Mchungaji aliyependa sayansi

Irwin Moon alipenda sayansi tangu ujana wake. Alipoitwa kuhubiri hakuviacha vifaa vyake vya sayansi nje ya mlango wa kanisa. Katika miaka ya 1930 alikuwa mchungaji wa kanisa dogo huko Los Angeles, katika jimbo la California. Aliona vijana wakisinzia wakati wa mahubiri, nasi tunajua jambo hilo si la Los Angeles peke yake. Akaanza kuwaonyesha majaribio ya sayansi na kuyaunganisha na neno la Mungu. Mahubiri hayo aliyaita Sermons from Science, yaani mahubiri yatokanayo na sayansi.

Habari zikaenea. Mwaka 1938 alijiunga na Moody Bible Institute ya Chicago, chuo cha Biblia kilichoanzishwa mwaka 1886 na mwinjilisti D. L. Moody. Kuanzia hapo alisafiri huku na huko akiwa na vifaa vizito. Mwaka 1939 alihubiri kwenye maonyesho makubwa ya kimataifa ya San Francisco, mahali ambapo watu walikwenda kutazama mashine mpya na kufurahi, wala hawakwenda kutafuta kanisa. Vita Vikuu vya Pili vilipozuka alienda kwenye kambi za askari, kuwahubiria vijana waliokuwa karibu kupelekwa vitani.

Mahubiri yake yalikuwa na wazo moja kubwa: vitu visivyoonekana vipo. Alichukua mawe yaliyoonekana kama kokoto za kawaida, akazima taa, akayamulika kwa mwanga ambao jicho la binadamu haliwezi kuuona. Mawe yakang'aa kwa rangi za ajabu. Kisha akawauliza wasikilizaji: rangi hizo zilikuwa wapi dakika moja iliyopita? Zilikuwa hapo hapo. Macho yenu ndiyo hayakuwa na uwezo. Sasa, ikiwa jicho lenu limeshindwa na jiwe, mna hakika gani kwamba asiyeonekana hayupo? Aliyezoea kusoma Warumi 1:20 ataona mara moja mhubiri huyu alikuwa anakwenda wapi.

Umeme mwilini

Onyesho lililompa sifa zaidi lilikuwa la mwisho. Moon alivua viatu, akapanda juu ya koili kubwa ya umeme, akavaa vidude vya chuma kwenye ncha za vidole. Msaidizi akawasha mtambo. Volti milioni moja zikapita mwilini mwake, na cheche ndefu zikaruka kutoka vidoleni kama radi ndogo. Wakati mwingine alishika kipande cha ubao nacho kikawaka moto mkononi mwake. Umeme wa nyumbani kwetu ni volti 240, na kila mmoja wetu anajua mtu aliyerushwa nao au hata kuuawa. Moon alishuka mzima, akafungua Biblia.

Hapa ndipo tulipoanza kumheshimu. Mtu mwingine angewaambia watu kwamba ana upako usiounguzwa na moto. Angepata wafuasi wengi, na sadaka pia. Moon alieleza kwamba alibaki mzima kwa sababu ya kanuni za uumbaji wenyewe. Umeme ule ulibadili mwelekeo maelfu mengi ya mara katika sekunde moja, kwa kasi ambayo mishipa ya fahamu haiwezi kuifuata, tofauti na umeme wa nyumbani unaobadilika taratibu na kuushika moyo. Mtambo ukiandaliwa vibaya, ungemuua kama ambavyo ungemuua mtu yeyote. (Watoto mnaosoma kijitabu hiki, msijaribu kugusa umeme wa aina yoyote!)

Alivuta macho ya watu kwa ajabu, kisha akawaambia siri ya ajabu hiyo. Hakutaka wamwone yeye kuwa mkubwa. Alitaka wamwone mkubwa yule aliyeweka kanuni zile.

Kutoka jukwaani hadi kwenye filamu

Mwili mmoja hauwezi kusimama juu ya koili katika miji yote ya dunia. Kwa hiyo mwaka 1945 Moon alianzisha Moody Institute of Science huko Los Angeles, mji ule ule wa Hollywood. Ilikuwa nusu maabara, nusu studio ya filamu. Filamu yao ya kwanza iliitwa God of Creation. Baadaye zikaja God of the Atom, wakati dunia ingali inatetemeka kwa habari za Hiroshima na Nagasaki. Dust or Destiny. Red River of Life, inayohusu damu. Na City of the Bees, inayohusu nyuki.

Tukumbuke kwamba katika miaka hiyo makanisa mengi ya kiinjili ya Marekani yaliwakataza waumini wao kwenda sinema. Ukumbi wa sinema ulihesabiwa pamoja na baa na dansi. Moon hakubishana sana nao. Filamu zake zilirekodiwa kwenye mikanda ya milimita 16, ile iliyotoshea mashine ndogo za kubebeka, hivyo zilionyeshwa makanisani, shuleni na kambini. Waliokataa kwenda sinema waliletewa filamu kanisani.

Sasa turudi kwenye ua la mzee wetu. Lilifungukaje kwa dakika moja? Siri yake ni rahisi, na walimu wa sayansi wanaweza kuieleza darasani. Kamera hufungwa mahali pamoja bila kutikisika, ikapiga picha moja tu kila baada ya muda fulani. Tuseme kila dakika tano. Kwa saa moja utapata picha 12, na kwa siku nzima picha 288. Filamu ya kawaida huonyesha picha 24 kwa sekunde. Kwa hiyo siku nzima ya ua hutazamwa kwa sekunde 12, na siku tano kwa dakika moja. Kinyume chake pia kinawezekana: ukipiga picha 240 kwa sekunde moja, kisha ukazionyesha kwa mwendo wa kawaida, sekunde hiyo moja inakuwa sekunde kumi. Ongeza darubini mbele ya kamera, na tone la maji ya bwawa linakuwa ziwa lililojaa viumbe.

Haya yote ni madoido ya kamera. Lakini angalieni tofauti yake na mawingu tuliyosimamishwa sisi. Ua lilikuwepo. Nyuki alikuwepo. Viumbe wa bwawani walikuwepo. Kamera iliongeza au kupunguza mwendo, ikakuza kilicho kidogo, lakini haikuweka kitu ambacho hakikuwepo. Lilikuwa doido la kufunua.

Uvumilivu nao ulihitajika. Ukikosea siku ya nne, taa ikazimika au mtu akagonga meza, unatafuta ua jingine na kuanza upya. Sisi tunaolalamika tukiambiwa kurudia kiitikio mara ya tano tuna la kujifunza hapo.

Mtu wa sauti

Moon hakufanya kazi peke yake. Mmoja wa wenzake wa kwanza alikuwa F. Alton Everest, mhandisi aliyezaliwa mwaka 1909. Wakati wa vita Everest alifanya utafiti wa sauti chini ya maji huko California. Ujuzi huo ulisaidia katika filamu ya Voice of the Deep, iliyowasikilizisha watu kelele za samaki na viumbe wa baharini. Watu wengi walidhani bahari ni kimya. Kumbe ina kwaya yake!

Everest ndiye aliyeandika Master Handbook of Acoustics, kitabu kilichotoka mwaka 1981 na ambacho mafundi wa sauti wanakitumia hadi leo. Kinaeleza jinsi sauti inavyogonga kuta ngumu na kurudi, na jinsi vitambaa na miili ya watu inavyoimeza. Sasa tunaelewa kwa nini wakati wa mazoezi ya Alhamisi, kanisa likiwa tupu, sauti zetu hurudi na kuchanganyikana, lakini Jumapili likijaa watu maneno husikika vizuri. Waumini, hata mkikaa kimya mnasaidia kwaya!

Moon na Everest walishiriki pia katika jambo jingine. Moon alikuwa akiulizwa maswali magumu na wanafunzi, naye aliona kwamba baadhi ya vitabu vya Kikristo kuhusu sayansi vilikuwa na makosa. Alimshawishi rais wa Moody, Will Houghton, awaite wanasayansi Wakristo wakutane. Mwaka 1941 watu watano walikutana Chicago na kuanzisha American Scientific Affiliation, chama kilichopo hadi leo. Everest akawa rais wake wa kwanza. Hofu yao ilikuwa kwamba kosa la kisayansi likitamkwa mimbarani, kijana msomi atalitupa kosa hilo pamoja na Injili yenyewe. Waliamini kwamba kusudi jema haliruhusu hoja mbovu.

Filamu zinasafiri

Filamu za Moody zilienda mbali. Jeshi la Anga la Marekani lilizitumia katika mafundisho ya maadili ya askari. Shule nazo zilizihitaji, kwa kuwa picha zake zilikuwa bora kuliko nyingi za wakati huo. Kwa ajili ya shule, studio ilitengeneza nakala ambazo sehemu ya wito wa Injili mwishoni iliondolewa. Zilitafsiriwa pia katika lugha nyingi, zikabebwa na wamishonari nchi kwa nchi, na ndiyo maana moja yao ikafika kwenye shuka jeupe la mzee wetu.

Moon mwenyewe alikubali kuwa sehemu ya majaribio. Wakati mmoja alivaa kwa siku kadhaa miwani iliyogeuza kila kitu juu chini, hadi ubongo wake ukazoea na akaweza tena kwenda na kutenda mambo yake. Maonyesho ya Sermons from Science nayo yakaendelea kwenye maonyesho ya dunia: Seattle mwaka 1962, New York mwaka 1964 na 1965, na Montreal nchini Kanada mwaka 1967. Kufikia hapo wahubiri wengine walikuwa wamefunzwa kupanda juu ya koili.

Maswali tusiyoyaficha

Hatutaki kumfanya Moon malaika. Tukiwa darasani tungemwekea alama nyekundu mahali fulani. Kutoka "nyuki ni wa ajabu" hadi "kwa hiyo tubu dhambi zako" ni hatua ndefu, na filamu haiwezi kumvusha mtu hapo. Ajabu ya nyuki inaweza kumfanya mtu anyamaze na kufikiri, lakini haimwambii habari za msalaba. Mtu anaweza kushangaa jioni nzima na kurudi nyumbani vile vile alivyokuja. Tena, nakala za shule zisizo na wito zinaleta swali: je, ujumbe ukitolewa, kinachobaki ni mahubiri, au ni somo zuri la biolojia tu?

Maswali hayo ni yetu pia. Watu wakisema kwaya imeimba vizuri, wamemsikia Mungu au wamefurahia besi? Tukinunua spika kubwa zaidi na taa za rangi, tunafungua mlango au tunauziba kwa mapambo? Waswahili husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kuna siku tumejitembeza.

Uamuzi wetu

Tuliporudi mkutanoni, mzee wetu hakuuliza kama madoido ni halali au haramu. Aliuliza swali moja tu: "Doido hili linafunua kilichopo, au linaweka kisichokuwepo?"

Kwa swali hilo wimbo wa nne uliamuliwa kwa dakika kumi. Kiti cha magurudumu kiliondolewa. Mungu anaponya, nasi tunaye dada katika soprano anayeweza kusimama na kushuhudia. Lakini hatutamtengenezea Mungu muujiza studioni kana kwamba ameishiwa na yake. Moon aliyekuwa na muujiza mkononi, tayari kabisa kuuza, alichagua kueleza siri yake. Sisi tulikuwa karibu kutengeneza siri mahali ambapo hapakuwa na muujiza.

Mawingu na maporomoko nayo yaliondolewa, ingawa hayo hayakuwa dhambi kubwa. Tulichanga tena, na tunawashukuru waumini kwa harambee ile. Tukarekodi upya kando ya mto wetu wenyewe, ambao msimu wa mvua maji yake ni ya kahawia kama chai. Mpiga picha alipunguza mwendo wa matone yanayodondoka kwenye majani ya migomba, na kwa mara ya kwanza tuliona jinsi tone linavyotanuka, linavyopasuka na kuruka. Tumeishi chini ya migomba hiyo maisha yetu yote bila kuliona jambo hilo. Mama wa alto alipotazama video mpya hakuuliza ni mto gani. Alinyoosha kidole na kusema, "Pale ndipo tunapofulia."

Kati ya waimbaji wawili walioondoka, mmoja amerudi na mtamwona leo katika safu ya pili. Wa pili tunaendelea kumtembelea. Tunaomba maombi yenu, na ikiwa yuko hapa leo akisoma ukurasa huu, ajue kwamba nafasi yake haijapewa mtu mwingine.

Miaka 25 imepita. Mungu akitujalia 25 mingine, bila shaka kutakuwa na vyombo na kamera ambazo hatuwezi hata kuziota leo. Watakaovaa sare hizi wakati huo watashawishiwa kuliko tulivyoshawishiwa sisi. Tunawaachia swali la mzee wetu, pamoja na habari za mchungaji aliyesimama miguu mitupu juu ya volti milioni moja, akashuka, akaeleza yote, kisha akafungua Biblia.

Karibuni katika ibada ya shukrani. Mungu awabariki nyote.

Katibu, kwa niaba ya kwaya